Jinsi ya kuifuatilia kazi ya Viola Davis tangu jukwaani, bila kurukia tuzo kwanza

Wengi wetu tulimjulia Viola Davis kwa Annalise Keating, yule mwanasheria wa kwenye How to Get Away with Murder anayelia, anadanganya na kushinda kesi ndani ya usiku mmoja, na wengine mmemjulia The Woman King akiwa na panga mkononi. Afu ukishampenda unafanya kile ambacho kila mtu anafanya, unaingia intaneti, unatafuta orodha ya tuzo, unachagua muvi zilizoshinda, unazimaliza wikiendi moja na kusema basi huyu nimemmaliza. Mi mwenyewe nilianzia hapohapo. Na nakwambia hiyo ndo njia ya uhakika ya kumkosa, maana huyu mama alipanda Broadway, zile kumbi kubwa za tamthilia za New York, mara ya kwanza mwaka 1996 akiwa na miaka 30, na dunia ya sinema ikaja kumgeukia vizuri mwaka 2008 akiwa na miaka 43, kwa hiyo hapo katikati kuna miaka kumi na miwili ambayo kazi yake nzito kuliko zote ilikuwa inafanyika jukwaani, mbele ya watu waliokata tiketi usiku ule, taa zikazimwa, ikaisha. Jukwaa halina kurudisha nyuma.

Sasa kazi ya mwigizaji ambayo nusu yake huwezi kuiona unaifuatiliaje? Inawezekana. Utahitaji daftari, skripti tano za tamthilia, muvi kama saba hivi, na uvumilivu wa kuangalia kipande kimoja mara tatu bila kushika simu.

Anza na daftari, sio na muvi

Chora safu sita: mwaka, jina la kazi, ni jukwaa au sinema au TV, ilifanyikia wapi, alicheza kama nani, na ya mwisho iache pana kabisa kwa ajili ya kuandika ulichokiona. Usijaze kwa kumbukumbu. Kwa maonyesho ya Broadway kuna Internet Broadway Database, ni bure, inakupa jina la ukumbi, siku onyesho lilipofunguliwa, siku lilipofungwa na nani alicheza nini. Kwa sinema na TV kuna IMDb kama kawaida.

Shida inakuja kwenye Off-Broadway. Ile database ya Broadway inashughulika na Broadway tu, yaani kumbi za New York zenye viti 500 na kuendelea, na Off-Broadway ni zile ndogo zenye viti 100 mpaka 499. Kwa hiyo mtu akiangalia sehemu moja tu anaona pengo la miaka, anaanza kuandika eti Viola alikaa benchi, kumbe mama alikuwa yuko kwenye ukumbi mdogo mitaa ya jirani anafanya kazi ambayo wakosoaji waliishangilia. Nenda Lortel Archives, hao ndo wanaotunza rekodi za Off-Broadway, jaza hapo mapengo.

Na kitu kingine kitakuchanganya, majina ya kumbi. Mwaka 2001 alicheza Virginia Theatre, ukitafuta ramani ya leo huukuti, maana ulibadilishwa jina mwaka 2005 ukaitwa August Wilson Theatre, jina la mwandishi yuleyule ambaye tamthilia yake Viola aliicheza humo. Mwaka 2010 alicheza Fences pale Cort Theatre, nao tangu 2022 unaitwa James Earl Jones Theatre, na James Earl Jones ndo mzee aliyecheza tamthilia hiyohiyo miaka ya themanini. Andika jina la zamani na jipya pembeni. Mi nilishawahi kuhesabu ukumbi mmoja kama miwili nikajiona mtafiti kweli.

Utoto wake upite haraka tu kwa sasa. Alizaliwa 1965 South Carolina, kakulia Central Falls, kamji kadogo ka jimbo la Rhode Island, kwenye umaskini ambao ameuelezea mwenyewe bila kuficha kitu. Akasoma Rhode Island College akamaliza 1988, afu akaingia Juilliard, shule ya sanaa ya New York, miaka minne, akatoka 1993. Katikati ya Juilliard alipata nafasi ya kwenda Gambia na amesema mara nyingi ile safari ilimfungua, kwa sababu shuleni alikuwa anafundishwa kuigiza kama watu ambao sio yeye. Kitabu cha maisha yake, Finding Me, kilitoka 2022, na ushauri wangu ni kukiacha mpaka mwisho. Ukikisoma mwanzo utaanza kuona njaa ya utotoni kwenye kila chozi, na hutoiona tena ufundi. Ukifika muda wake usikilize ile ya sauti, kaisoma mwenyewe, na ndo iliyompa Grammy mwaka 2023.

Soma wale wanawake wanne

Hapa ndo moyo wa mambo, kaa hapa muda mrefu.

August Wilson aliandika tamthilia kumi kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, moja kwa kila muongo wa karne ya 20, tisa zinatokea Pittsburgh mtaa wa Hill District na moja Chicago. Viola amecheza wanawake wanne kutoka humo kwenye kazi zake kubwa: Vera wa Seven Guitars ambayo inatokea 1948, Tonya wa King Hedley II inayotokea 1985, Rose wa Fences inayotokea miaka ya hamsini, na Ma Rainey wa Ma Rainey's Black Bottom ambayo ni Chicago 1927. Yaani ukiweka hao wanne mezani una karibu miaka 60 ya historia ya watu, na una miaka 24 ya kazi yake, kuanzia Vera 1996 mpaka Ma Rainey 2020. Skripti zote zimechapishwa, maktaba nyingi zinazo. Soma kwa mpangilio wa yeye alivyocheza, usifuate mpangilio wa historia, kwa sababu unachofuatilia ni yeye.

Jinsi ya kusoma sasa. Mara ya kwanza soma tamthilia nzima kama msomaji wa kawaida, ufurahie. Mara ya pili chukua kalamu, pigia mstari maneno ya mhusika wake tu, uyasome kwa sauti. Kwa sauti kweli, usione aibu, Kiingereza cha Wilson ni cha mtaani Pittsburgh na kina mdundo wa bluzi ndani yake, ukikisoma kimyakimya kichwani utakuwa unakirekebisha bila kujua na utakiua. Mara ya tatu, na hii ndo watu wanairuka, tafuta sehemu ambazo mhusika wake yuko jukwaani lakini hasemi kitu. Weka alama pembeni. Jiulize hapo anafanya nini? Anakunja nguo? Anasikiliza? Anajifanya hasikii? Mwigizaji wa jukwaani analipwa kwa hizo dakika kuliko hata za kuongea, na ukija kumwona Viola kwenye kamera utagundua kwamba kusikiliza ndo silaha yake.

Vera kwa mfano. Floyd, mpiga gitaa, alimwacha akaenda Chicago na mwanamke mwingine, sasa karudi anataka arudiane naye, ana maneno matamu na ana ndoto ya rekodi. Ukisoma maneno ya Vera peke yake unaona mwanamke anayekataa, ukisoma zile sehemu anazonyamaza unaona mwanamke ambaye alishakubali zamani na anajichukia kwa hilo. Viola aliicheza hiyo Walter Kerr Theatre, dairekta akiwa Lloyd Richards, ikampa uteuzi wa Tony, ile tuzo kubwa ya Broadway, kwenye Broadway yake ya kwanza kabisa.

Tonya ni mgumu zaidi. Ana miaka 35, ana mimba na hataki kuzaa, na mumewe King anataka mtoto kwa nguvu zote. Kuna sehemu Tonya anafunguka kwa nini hataki, anaongea mfululizo ukurasa na zaidi, kuhusu kulea mtoto kwenye mtaa ambao watoto wanauana kwa risasi, kuhusu mama wa mtaani anayesubiri mtoto asiyerudi. Isome hiyo sehemu kwa sauti na uweke saa. Kama ulimaliza chini ya dakika tatu ulikuwa unakimbia. Onyesho lenyewe halikudumu sana Broadway, lilifunguliwa Mei na likafungwa majira hayohayo ya joto ya 2001, ila Viola akatoka na Tony yake ya kwanza. Watu waliokuwepo ukumbini bado wanaihadithia hiyo hotuba, na wewe na mimi tumeachiwa karatasi.

Kabla hujaenda kwa Rose chomeka skripti moja ambayo sio ya Wilson, ndo ile ya tano niliyoitaja, Intimate Apparel ya Lynn Nottage. Hii ni Off-Broadway ya 2004, kampuni ya Roundabout, na ndo ile iliyopotea kwenye orodha za wengi. Viola alikuwa Esther, fundi cherehani mweusi New York ya 1905, anashona nguo za ndani za kifahari kwa ajili ya wanawake wa kila tabaka, hajui kusoma wala kuandika, na anaandikiana barua na mwanaume anayechimba mfereji wa Panama. Barua zake anaandikiwa na wateja. Hebu fikiria kazi ya mwigizaji hapo, anasikiliza barua ya mapenzi yake mwenyewe ikisomwa na mtu mwingine. Na kuna muuza vitambaa Myahudi ambaye wanapendana kwa kushikashika kitambaa tu, hawagusani. Mi naamini ukitaka kuelewa mikono ya Viola kwenye sinema, jinsi anavyoshika mkoba, jinsi anavyofuta meza, anza na Esther. Hilo ni wazo langu, unaweza kulikataa ukishasoma.

Afu nenda kwenye vile vidogodogo

Wakati anafanya hayo yote jukwaani, sinema zilikuwa zinamwita kwa siku moja moja. Muvi yake ya kwanza ni The Substance of Fire ya 1996, alikuwa nesi, alilipwa dola 518. Ndo hiyo tu. Baada ya hapo kuna Out of Sight 1998 na Traffic 2000, zote za dairekta Steven Soderbergh, na Far from Heaven 2002 ambapo ni mfanyakazi wa ndani. Usiziangalie zote mzima mzima kama una haraka, tafuta vipande vyake, andika kwenye safu ya mwisho ana dakika ngapi na kamera imemkaa usoni mara ngapi. Utaona nesi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, dada wa kazi, yaani ni watu wa kufungua mlango na kutoa taarifa. Hiyo orodha peke yake inakwambia Hollywood ya wakati ule ilikuwa inampa nini mwanamke mweusi mwenye Tony kabatini, huhitaji mtu akuhubirie.

Katika hivyo vidogo kuna kimoja usikiruke hata kwa dawa, Antwone Fisher ya 2002, muvi ya kwanza Denzel Washington kuiongoza. Viola ni mama aliyemtelekeza mwanawe tangu kuzaliwa. Mtoto kakua, kamtafuta, kampata, kakaa naye chumbani anamwambia yote. Yeye karibu hasemi kitu. Anaangalia tu, machozi yanakuja, mtoto anambusu anaondoka. Sasa zile alama zako za ukimya ulizoweka kwenye skripti ya Vera zitoe hapa uzilinganishe.

Doubt, mara tatu

Hii ya 2008 ndo iliyomtoa. Sini yake ina dakika kama nane tu, na katika hizo dakika yuko na Meryl Streep, na hizo dakika nane zikampa uteuzi wa Oscar.

Mara ya kwanza iangalie muvi yote kutoka mwanzo, usirukie sini yake. Ni shule ya Kikatoliki Bronx 1964, sista mkuu anamshuku padri kwamba ana uhusiano usiofaa na mwanafunzi mmoja, mwanafunzi pekee mweusi hapo shuleni, na mama wa huyo mtoto anaitwa. Ukirukia moja kwa moja utaona mama analia, basi. Ukiingia na ule wasiwasi wa saa nzima kichwani utasikia kile anachokisema, na anachokisema ni kitu ambacho wewe kama mtazamaji hukutegemea mzazi akiseme: mwache mtoto amalizie mwaka, imebaki mpaka Juni tu.

Mara ya pili zima sauti. Angalia mkoba, koti, angalia anavyoanza kwa adabu ya mtu aliyeitwa ofisini na mkubwa, mgongo umenyooka, afu wanatoka nje wanatembea kwenye baridi kwa sababu anawahi kazini, na kila hatua chache ule mgongo unalegea kidogo. Pua inamwagika na haifuti. Waigizaji wengi wakilia kwenye kamera wanalia vizuri, chozi moja shavuni, huyu analia kama mtu anavyolia kweli msibani, na amekuja kurudia hivyohivyo kwenye Fences mpaka watu wakaanza kumtania.

Mara ya tatu funga macho, sikiliza tu. Utashangaa ni sauti ya chini kiasi gani. Mtu aliyezoea kurusha sauti mpaka viti vya nyuma kabisa vya ukumbi anajua pia kuirudisha, na hapa kairudisha chini kabisa.

Tuwe wa haki pia. Doubt ilikuwa tamthilia kabla ya kuwa muvi, ya John Patrick Shanley, ilishinda tuzo ya Pulitzer 2005, na pale Broadway uhusika huohuo wa mama aliucheza Adriane Lenox na akashinda Tony. Kwa hiyo ule uhusika tayari ulikuwa umeandikwa kwa moto. Swali la kuandika kwenye daftari sio kama Viola ni mzuri, hilo limeisha, swali ni yeye kaongeza nini ambacho karatasi haina. Ukiipata skripti ya Doubt, nje ya zile tano, weka pembeni ya skrini, tafuta sehemu ambayo karatasi ina mstari mmoja na yeye kachukua sekunde ishirini.

Fences, na utata wa tuzo

Fences ndo zawadi yako baada ya kuhangaika na karatasi, kwa sababu hapa uhusika mmoja upo pande zote mbili. Broadway 2010 alicheza Rose, na Denzel akiwa Troy mumewe, dairekta Kenny Leon, wote wawili wakachukua Tony. Miaka sita baadaye Denzel akaigeuza muvi, akarudi na karibu kikosi chote cha jukwaani. Tamthilia yenyewe ilikuwa Broadway tangu 1987, ila Wilson alikuwa anasisitiza muvi iongozwe na dairekta mweusi, akafariki 2005 bila kuiona, na jina lake bado liko kwenye muvi kama mwandishi wa skripti.

Cha kufanya: soma kwanza ile sehemu ya uani ambapo Troy anamwambia Rose kwamba anakwenda kuwa baba wa mtoto wa mwanamke mwingine. Kwenye tamthilia mambo yote yanatokea hapo uani, nyumba nyuma, uzio haujamalizika. Jiandikie wewe ungemweka Rose wapi, amesimama, amekaa, anamkaribia au anarudi nyuma. Afu ndo uweke muvi. Troy anajitetea kwamba amesimama sehemu moja miaka kumi na nane, na Rose anamrudishia kwamba na yeye alikuwa amesimama hapohapo pembeni yake muda wote huo. Wasomaji wengi, mi nikiwemo, tunaisoma hiyo hotuba kama hasira inayopanda ngazi moja moja mpaka juu. Yeye haifanyi hivyo. Inapanda, inavunjika, inakuwa kama kuomba, inapanda tena. Alishaifanya Broadway maonyesho nane kwa wiki, majuma kumi na tatu, anajua kila shimo la ile barabara.

Wapo wanaoilalamikia hii muvi kwamba imebaki jukwaa lililopigwa picha, kamera haiendi popote. Kuna ukweli hapo. Kwa matumizi yetu lakini huo ndo uzuri wake, hutopata dirisha jingine la karibu hivi la kuchungulia alichokifanya 2010.

Na sasa tuje kwenye tuzo, maana hapa ndo utaelewa kwa nini nilikuzuia kuanza nazo. Kwa Rose alipata Tony ya mwigizaji mkuu wa kike. Kwa Rose huyohuyo, maneno yaleyale, mume yuleyule, akapata Oscar mwaka 2017 ya mwigizaji msaidizi. Rose hakupungua. Kilichobadilika ni kundi ambalo jina lake liliingizwa kushindania, na hayo ni mahesabu ya kampeni. Mtu anayesoma orodha ya tuzo tu atakwambia Rose wa kwenye muvi ni mdogo kuliko wa jukwaani.

TV, na The Help

How to Get Away with Murder ilikwenda sizoni sita, 2014 mpaka 2020, ABC. Huna haja ya kuimaliza yote kwa ajili ya mwongozo huu, na kiukweli sizoni za katikati stori inajizungushazungusha. Angalia episodi ya kwanza, afu ya nne ya sizoni ya kwanza. Hiyo ya nne mwishoni anakaa mbele ya kioo, anavua wigi, anabandua kope, anafuta mekapu yote, afu anageuka kumuuliza mumewe swali moja. Kuvua ile wigi lilikuwa takwa lake mwenyewe alipokubali kazi, alitaka mwanamke wa ukweli aonekane. Ukitoka kusoma Wilson hiyo sini utaisoma kama ya jukwaani, maana ni mwanamke, kiti, kioo na ukimya, maneno yanakuja mwisho. Mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia za TV.

The Help ya 2011 iangalie ila ukiwa na taarifa. Yeye ni Aibileen, mfanyakazi wa ndani Mississippi ya miaka ya sitini, akapata uteuzi wa Oscar ya mwigizaji mkuu, na miaka saba baadaye akasema wazi kwamba anajuta, sio kwa sababu ya watu aliofanya nao kazi, bali alihisi mwishowe sauti za wale wafanyakazi wenyewe hazikusikika. Unaweza kufanya zoezi hapa: hesabu ni mara ngapi tunamwona Aibileen akiwa peke yake, bila mwajiri na bila mtoto wa mwajiri. Andika namba. Afu fanya hivyohivyo kwa Annalise.

Mwaka huohuo wa 2011 yeye na mumewe Julius Tennon walianzisha kampuni yao, JuVee Productions. Kwenye daftari anzia hapo ongeza safu ya saba, nani aliizalisha hii kazi. Ukifika The Woman King ya 2022, jenerali Nanisca wa Agojie, wale wanawake wapiganaji wa Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi, dairekta Gina Prince-Bythewood, utamkuta na yeye yumo kwenye wazalishaji. Ilipotoka alikuwa amefikisha miaka 57, na humo anapigana mwenyewe. Linganisha na nesi wa dola 518.

Mwisho wa mzunguko ni Ma Rainey, na hii weka ya mwisho kweli japo 2020 iko kabla ya The Woman King. Ni Wilson tena, dairekta George C. Wolfe, mwanamuziki wa bluzi anayejua kwamba wazungu wa studio wanachotaka ni sauti yake na sio yeye. Sehemu kubwa ya kuimba sio sauti ya Viola, ni ya Maxayn Lewis, kwa hiyo usipoteze muda kusifia nyimbo kama watu wanavyofanya. Angalia ile sini anayogoma kurekodi mpaka aletewe Coca-Cola, anavyoinywa mbele yao mpaka mwisho. Hamna neno hata moja hapo, na studio nzima imesimama inamsubiri. Rudi kwenye Vera wa mwaka 1996, fungua ukurasa ule uliouwekea alama.

Na kama ikitokea siku moja uko New York, kuna sehemu moja ya kwenda kabla ya kupiga picha Times Square. Maktaba ya umma ya New York ina tawi la sanaa za maonyesho pale Lincoln Center, na humo kuna hifadhi inayorekodi maonyesho ya jukwaani kwa video tangu 1970. Huwezi kuazima ukaondoka nayo, huwezi kurekodi, unaangalia hapohapo ukiwa umevaa hedifoni, na inabidi uombe nafasi mapema na ueleze unafanya utafiti gani. Ni bure. Watakuuliza jina la onyesho, ukumbi na mwaka, na ukumbi uwape ule wa zamani uliouandika pembeni.